Punguzo la tambi limenipa jina baya kwa wenzangu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga mjini, Makorora. Nina mume na watoto, na riziki yangu ni vitafunwa vya asubuhi ninavyouzia mlangoni. Tuko wanawake sita wa mtaa mmoja. Kila Ramadhani ikikaribia tunachanga fedha na kununua vitu vya futari kwa bei ya jumla. Kazi ya kushika fedha na kwenda dukani ni yangu, kwa kuwa mwenye duka la tambi na mafuta ni mjomba wa mume wangu. Wenzangu wenyewe ndio walionichagua, wakisema, "Wewe una mtu wako pale, hutopunjwa."

Safari hii mambo yameharibika. Pale dukani kuna bango la mkono mlangoni: "Tambi katoni 36,000. Katoni 10 na kuendelea 33,500." Chini yake pameandikwa: "Mafuta dumu la lita 5, 28,000. Ukinunua 5 unapata 1 bure." Mwenzetu mmoja alilipiga picha akaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, na kila mtu akapiga hesabu yake nyumbani. Tambi tulitaka katoni 14. Wakazidisha kwa 33,500 wakapata 469,000, na hiyo ndiyo tuliyochanga. Mafuta tuliagiza madumu 7, tukachanga 196,000: mmoja anataka matatu, mwingine mawili, wawili wanataka dumu moja moja. Wawili waliobaki hawakutaka mafuta.

Nilipofika kaunta, kijana aliniandikia kwenye kipande cha boksi: tambi 491,500, mafuta 196,000. Nikamwuliza mbona tambi imezidi, akasema, "Shemeji, kompyuta ndivyo ilivyosema." Nyuma yangu watu wamejipanga hadi barazani, na mjomba mwenyewe kakaa pale anaangalia. Nikaona haya kubishana. Risiti ikatoka na mstari mmoja tu, 687,500. Pengo la 22,500 nililiziba hivi: fedha ya kirikuu ilikuwa 15,000, nikarudi kwa mkokoteni wa 5,000, nikapata 10,000; iliyobaki 12,500 nikaitoa kwenye chenji ya sukari tuliyonunua duka jingine. Wakati natoka mjomba akanitilia boksi dogo la tende kwenye mfuko, akasema, "Za watoto hizo."

Kurudi mtaani ndipo yalipoanza. Wanasema bango linasema 33,500, sasa 22,500 iko wapi? Tena wamesema tano kwa moja ni asilimia 20, na asilimia 20 ya 196,000 ni 39,200, mbona tumepata dumu la 28,000 tu? Kwa hiyo na 11,200 nyingine nimekula mimi. Lile dumu la bure niliwapimia wote sita sawasawa kwa kikombe, nikidhani ndiyo haki. Aliyeagiza matatu akasusa. Juzi amepita mlangoni kwangu kajifunga kanga iliyoandikwa "Mla cha mwenziwe na chake huliwa", akatembea polepole mpaka nikaisoma yote. Nasikia natafutiwa siku ya kusutwa.

Mume wangu anasema niwalipe 33,700 yote yaishe, na nisithubutu kwenda kumhoji mjomba wake, kwani ndiye aliyemsomesha. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye ni mmoja wa sisi sita na amenyamaza kimya. Mimi sikula hata senti. Nilipe? Niende kwa mjomba? Au nijitoe kwenye kundi nibaki na familia yangu?

Mshika fedha, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Kuaminiwa na wenzio kisha kuangaliwa kwa jicho la wizi kunauma kuliko fedha yenyewe, na kunauma zaidi pale mtaa ni mmoja na kisima ni kimoja.

Nikisoma barua yako naona mambo matatu yamechanganyika: hesabu ya duka, imani ya wenzako, na heshima ya ukweni. Ninyi nyote mmeyashika kwa pamoja, ndiyo maana hayashikiki. Mume wako anajibu la ukweni kwa fedha. Wenzako wanajibu la hesabu kwa kanga. Tuanze na hesabu, maana hiyo ndiyo pekee isiyokuwa na upande.

Chukua ile 22,500 uigawe kwa 2,500, ambayo ni tofauti ya 36,000 na 33,500. Unapata 9 kamili, bila baki. Sasa zidisha 9 kwa 36,000, ni 324,000. Zidisha 5 kwa 33,500, ni 167,500. Jumlisha: 491,500. Ndiyo ile ile aliyokuandikia kijana kwenye boksi. Maana yake ni kwamba kompyuta ya kaunta imetoza katoni tisa za mwanzo kwa bei ya juu, na bei ya chini imeanza kwenye katoni ya kumi. Mtu anayekula fedha ya wenzake haangukii kwenye namba iliyonyooka namna hiyo. Laiti duka lingekutoza zote 14 kwa bei ya juu, ingekuwa 504,000. Kwa hiyo punguzo mlipewa, ila limehesabiwa kwa namna ambayo ninyi hamkuitarajia.

Maneno "katoni 10 na kuendelea" yanasomeka kwa namna mbili, na maduka ya jumla yanatumia zote mbili. Ya kwanza ni ile mliyoielewa: ukifika 10, katoni zote zinashuka bei. Ya pili: katoni 9 za mwanzo zina bei yake, na kuanzia ya 10 ndiyo bei mpya. Kwa nini mwenye duka achague ya pili? Piga hesabu umwone anavyofikiri. Kwa namna ya kwanza, katoni 9 ni 324,000 na katoni 10 ni 335,000. Yaani katoni ya kumi inaondoka kwa 11,000, na hakuna mwenye duka anayenunua katoni ya tambi kwa bei hiyo. Wengine wanaikubali hasara hiyo ndogo ili mteja achukue nyingi. Wengine hawaikubali, hasa msimu wa Ramadhani ambapo tambi inatoka yenyewe bila kubembelezwa.

Hilo halimwondolei mjomba lawama yote. Bango lake lina utata, na mteja wa kawaida akilisoma atafanya hesabu ile ile waliyoifanya wenzako. Nchini kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia. Sikutajii hili ili umshitaki mjomba kwa ajili ya katoni tisa. Nakutajia ili ujue kwamba kuuliza bei inahesabiwaje si utovu wa adabu. Ni haki ya kila anayetoa fedha yake, mkwe au si mkwe.

Kwenye mafuta, hapo hakuna hata senti iliyopotea, kwa sababu ile 11,200 haijawahi kuwepo. "Tano unapata moja" si asilimia 20. Unaondoka na madumu 6 na umelipia 5, kwa hiyo ulichopunguziwa ni moja ya sita, yaani asilimia 16.7 hivi. Na hata hiyo inapatikana pale tu ununuzi unapokuwa mafungu kamili ya tano. Ninyi mlilipia 7. Tano za kwanza zilizaa dumu moja, mbili zilizobaki hazikuzaa kitu kwa kuwa hazikufika tano nyingine. Mmechukua madumu 8 yenye thamani ya 224,000 kwa 196,000. Hiyo ni asilimia 12.5. Kosa la kugawanya moja kwa tano badala ya moja kwa sita linawapata wengi, na wanaobandika mabango wanajua kwamba linawapata wengi.

Sasa naomba nikuulize mambo ambayo barua yako imeyapita haraka.

La kwanza ni lile dumu la bure. Ulilipima kwa kikombe sawasawa kwa watu sita, na moyo wako ulikuwa safi. Lakini wawili kati ya hao sita hawakununua mafuta. Walipewa kila mmoja kama mililita 830 ambazo zimetokana na fedha ya wengine. Aliyeagiza madumu matatu alitoa 84,000, karibu nusu ya fedha yote ya mafuta, akapata kikombe sawa na asiyetoa kitu. Ukiligawa kwa kadiri ya kila mmoja alichoagiza, yeye alistahili tatu ya saba, ambazo ni zaidi kidogo ya lita mbili. Pengine kanga yake inazungumzia hili zaidi kuliko tambi. Sijui, wala wewe hujui mpaka umwulize.

La pili ni chenji ya sukari. Ulitoa 12,500 ya sukari ukaziba tambi. Je, walionunua sukari na walionunua tambi ni wale wale, tena kwa kiasi kile kile? Kama sivyo, kuna mwenzenu ambaye sukari yake imelipia tambi ya mwingine bila yeye kuambiwa. Fedha haikutoka nje ya kundi, hilo ni kweli. Ila imehama mfuko, na mtu akiona fedha yake imehama bila taarifa huwa hatofautishi sana kati ya kuhama na kuibwa.

La tatu ni zile tende. Mwanangu, sisemi ulifanya vibaya kuzipokea. Mjomba kumpa mke wa mpwa wake tende za watoto mwezi wa toba unapokaribia ni jambo jema, na kukataa kungekuwa kumvunjia heshima. Lakini maduka ya jumla yana desturi ya kumpa mnunuzi mkubwa nyongeza kidogo, na nyongeza hiyo ni ya aliyetoa fedha. Aliyeona lile boksi mfukoni mwako ataliwekaje: zawadi ya ukweni au nyongeza ya wateja? Mtu mmoja amevaa kofia mbili, na aliye nje haoni ni kofia ipi ilipewa tende. Hili lilikuwepo tangu siku walipokuchagua kwa sababu una mtu wako pale. Kile kile kilichowafanya wakuamini ndicho kinachowafanya leo wakushuku.

Baada ya hayo tuyatazame yale uliyoyataja, moja baada ya jingine.

Kulipa 33,700. Naelewa kwa nini baba watoto anaona ni njia ya mkato. Ana deni la wema kwa mjomba wake na anataka kulilinda. Ila tazama unacholipa: 11,200 ni kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na 22,500 ipo kwenye droo ya duka. Utakuwa umetoa mtaji wako wa vitafunwa kurudisha fedha ambayo hukuichukua. Wapo watakaosema, "Kama hakula, kalipa nini?" Na mwakani duka litahesabu vile vile, pengo litarudi, nawe utakuwa umeshaweka desturi ya kuziba. Kwa upande mwingine, wapo watu ambao amani ya mtaa kwao ina thamani kuliko 33,700, na si wajinga. Ukiamua kulipa, angalau lipa baada ya hesabu kusomwa mbele ya wote, isiwe badala ya kusomwa.

Hesabu hiyo yenyewe ni fupi. Iandike kwenye karatasi moja. Iliyoingia: tambi 469,000, mafuta 196,000, usafiri 15,000, chenji ya sukari 12,500. Jumla 692,500. Iliyotoka: duka 687,500, mkokoteni 5,000. Jumla 692,500. Haibaki hata shilingi ya kula. Chini yake andika ile mistari miwili ya 9 mara 36,000 na 5 mara 33,500, kila mtu aipige mwenyewe kwenye simu yake. Na risiti ya mashine ipige picha leo hii, pamoja na kile kipande cha boksi. Karatasi zile za risiti huandikwa kwa joto, si kwa wino. Ukiiweka karibu na jiko au kwenye pochi juani, maandishi yanafifia na baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe.

Kisha kuna kugawana upya, ambako hukukutaja na nadhani kunaweza kutuliza zaidi ya fidia. Tambi: 491,500 gawa kwa 14, kila katoni imewagharimu 35,107. Kila aliyechukua katoni moja alitoa 33,500, kwa hiyo anadaiwa 1,607, na fedha hiyo irudi kwa wenye chenji ya sukari na kwenye akiba ya usafiri. Mafuta: 196,000 gawa kwa madumu 8, kila dumu ni 24,500. Kama lile la nane lingeuzwa kwa yeyote kati yenu kwa bei hiyo, aliyeagiza matatu angerudishiwa 10,500, wa mawili 7,000, na wale wa moja moja 3,500 kila mmoja. Jumla yake ni 24,500, thamani ya dumu lenyewe. Mafuta yameshaliwa, najua. Lakini mkikubaliana kwamba hivi ndivyo ilivyopaswa, waliopata bila kutoa wanaweza kurudisha kidogo, au aliyepunjwa akasamehe kwa kuwa ameona jina lake limehesabiwa. Hatari yake ni kwamba wale wawili wasionunua watahisi wanadaiwa sadaka waliyopewa. Hapo itahitajika busara ya kusema nao faraghani kwanza.

Kwenda kwa mjomba. Mume wako anasema "kumhoji", na neno hilo ndilo linalotisha. Lakini kuna kwenda kulalamika na kuna kwenda kuuliza. Swali ni moja, tena la kawaida: "Mjomba, hii 33,500 ni kwa katoni zote nikifika kumi, au inaanzia ya kumi?" Hakuna tuhuma ndani yake. Huenda hata yeye hajui kompyuta imewekwaje, maana mara nyingi bango linaandikwa na mmoja na bei zinaingizwa na mwingine. Akisema ni kwa zote, basi kaunta imekosea na ana la kurekebisha. Akisema inaanzia ya kumi, umepata jibu la kuwapelekea wenzako, naye pengine ataongeza neno moja kwenye bango.

Hatari ipo pale atakapoingiza mkono mfukoni na kukupa 22,500 kimyakimya kwa ajili ya ukwe. Fedha ya namna hiyo itakurudisha pale pale pa tende. Kama ni haki ya kundi, iandikwe: risiti mpya yenye katoni 14 kwa 33,500, au karatasi ya duka yenye mhuri kwamba mnalidai duka kiasi hicho kwenye ununuzi ujao. Na uombe risiti inayoorodhesha. Mashine ya EFD ina uwezo wa kuandika kila bidhaa, idadi na bei yake. Mstari mmoja wa 687,500 ni uvivu wa kaunta, na uvivu huo ndio uliokuacha bila ushahidi.

Nani aende? Barua yako inadhani lazima uwe wewe, peke yako. Wifi yako amenyamaza, nawe umeuchukua ukimya huo kama shaka. Inawezekana. Inawezekana pia amekwama kama ulivyokwama, upande mmoja wenzake wa mtaa, upande mwingine mjomba wake wa damu. Yeye ni mpwa. Mpwa humtania mjomba wake na kumwuliza asiyoweza kuulizwa na mkaza mwana. Akienda yeye na mmoja wa wanaolalamika, wewe ukabaki nyumbani, swali linakuwa la wateja na ukwe wako haumo. Sijui mahusiano yenu yakoje, kwa hiyo hili nalisema kwa tahadhari: kumwomba kunaweza kumfungua mdomo, na kunaweza pia kumfanya aone unamtanguliza yeye kwenye moto. Wewe ndiye unayemjua.

Kujitoa nako si dhambi. Kushika fedha ya watu ni kazi nzito isiyo na mshahara. Ukijitoa kabla hesabu haijasomwa, utakuwa umewaachia wao kuandika sababu. Ukijitoa baada ya kusomwa, au mkakubaliana kupokezana kila msimu, itaonekana ni utaratibu. Kuhama duka pia mnaweza, ila jueni duka jingine nalo lina namna yake ya kuhesabu, na msipouliza mtaangukia pale pale mkiwa hamna hata mjomba.

Yeyote atakayeshika fedha mwakani, ninyi sita kaeni kwanza muafikiane haya kabla fedha haijachangwa. Punguzo ni la walionunua kitu hicho, kwa kadiri walivyonunua. Usafiri unagawanywa kwa mzigo. Nyongeza yoyote ya duka, hata pipi, inatajwa. Dukani wanakwenda wawili, na bei inaulizwa siku moja kabla ya kuchanga, si siku ya kulipa. Waulize pia kama katoni za aina tofauti za tambi zinahesabiwa pamoja kufikia kumi, na kama ofa ni ya taslimu tu, kwa sababu baadhi ya maduka hayatoi punguzo ukilipa kwa simu au kwa mkopo.

Na msilinganishe bei ya fungu na fungu bila kuangalia uzito. Katoni ya tambi pakiti 20 za gramu 500 ni kilo 10. Ya pakiti 20 za gramu 400 ni kilo 8. Katoni ya pili kwa 33,500 inatoka karibu 4,190 kwa kilo, wakati ya kwanza kwa 36,000 ni 3,600. Anayetazama bango tu ataona ya pili ndiyo rahisi. Unga wa ngano wa bunda, pakiti 12 za kilo 2, ni kilo 24, nao watu huulinganisha na mfuko wa kilo 25 kana kwamba ni sawa. Kwenye mafuta tazameni kama dumu limeandikwa lita au kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 inakaribia lita 22, na dumu la lita 20 halifiki kilo 19. Wewe unayekaanga vitafunwa kila siku, tofauti hiyo inaonekana mwisho wa mwezi.

Msikubali pia kuvutwa na namba ya bango. Mngeongeza madumu matatu mkalipia 10, mngepata 2 ya bure, na kila dumu lingeshuka hadi 23,333. Lakini mngetoa 84,000 zaidi kwa mafuta ambayo hayakuwa na mwenyewe. Pwani yetu ina unyevu: unga uliokaa sakafuni unaingia fukusi, sukari inashikana, tambi zinavunda kwenye boksi lililogusa ukuta. Na punguzo likiwa kubwa kupita kawaida, geuza katoni utazame tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujashukuru.

Kuhusu mume wako, usimwendee na swali la kama utamhoji mjomba au hutomhoji. Mwonyeshe kwanza ile 9 mara 2,500. Mwanaume aliyesikia "mke wako anataka kwenda kubishana na mjomba" na mwanaume aliyeona kwamba jina la mkewe linasafishika kwa swali moja la bei, hawawazi sawa. Akibaki na msimamo wake, nao una uzito, na mtatafuta njia isiyopita mlangoni kwa mjomba. Ile karatasi ya hesabu peke yake inatosha kusomwa kwa wenzako.

Mkiamua kwenda, iwe wewe au wifi yako, msiende Ijumaa wala siku mzigo unaposhushwa. Nendeni asubuhi duka linapofunguliwa, na picha ya bango, risiti na kile kipande cha boksi mkononi, kabla watu hawajajipanga, ili mjomba apate nafasi ya kukaa na kijana wake mbele ya kompyuta na kutazama bei ya katoni ya tisa na ya kumi zilivyowekwa.